Kosa la Familia

Kiti kile walikiita benki, na katika karakana nzima ndicho pekee ambacho hakijawahi kuuzwa wala kuvishwa kitambaa kipya. Kilikuwa na mkono mmoja tu, na rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka. Mgeni akija, yule mwenye mwili mkubwa kuliko wenzake ndiye aliyekaribishwa pale, na Mama Cherehani alizoea kumtania mumewe kwamba duniani hakuna mlinzi anayeshinda makalio. Ndani ya sponji ya kiti hicho ndimo walimoshona akiba yao yote. Benki yenyewe ilikuwa na makato kila mwezi, na akiba ya kwenye simu ilikuwa na ndugu wa kuikopa. Kiti hakikuwa na ndugu.

Kwa hiyo Nesi alipoingia Jumatano asubuhi, Mama Cherehani alimwamkia, akamvutia kigoda, na moyo wake ulikuwa baridi kabisa. Nesi alikuwa mwuguzi mstaafu, na jengo lile la karakana lilikuwa mali yake. Alikuwa anawauzia wao kwa sababu walikuwa wapangaji wake tangu mkono wa pili wa kile kiti ulipokuwa bado mzima, na kwa sababu Mama Cherehani hakuwahi kumchelewesha kodi.

"Mwanangu, sikuja kukudai kabla ya siku," alisema. "Siku ni Ijumaa. Ila yule muuza vipuri anayelitaka jengo hanipi usingizi. Kila nikifungua mlango yuko hapo na taslimu mkononi. Nataka tu nizione zenu kwa macho, nikamjibu kwa kujiamini."

"Mama, hilo tu? Ngoja uzione."

Mama Cherehani alikigeuza kiti, akachukua wembe, akapiga magoti. Kabla hajakata, mkono ulisita. Mshono haukuwa wake. Yeye alizoea kulificha fundo ndani na kuukata uzi mfupi. Huu ulikuwa mshono ulionyooka vizuri, wenye fundo nje, na katika karakana ile aliyefunga fundo nje alikuwa mtu mmoja.

Alikata hata hivyo. Alitoa mfuko wa nailoni, na kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi alijua kabla ya kuufungua. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji vilivyokatwa kwa ukubwa wa noti, vikapangwa mabunda mabunda, kila bunda na mpira wake. Kazi safi. Fundi ni fundi hata anapokuibia.

Nesi aligeuzia macho ukutani, kama alivyozoea kufanya mgonjwa anapovuliwa nguo.

"Labda mliihamisha," alisema.

"Labda, mama."

"Labda baba watoto ameiweka mahali pengine." Nesi alisimama, akajishughulisha na mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Mwanangu, Ijumaa nileteeni hata nusu. Nusu nyingine tutaelewana. Lakini chini ya nusu sitaweza kumzuia yule mtu, na mimi nina dawa za kununua."

Mama Cherehani alibaki magotini na vipande vya sponji mapajani. Hakulia. Aliona aibu ambayo haikuwa yake, na kwa kuwa mwenyewe hakuwapo, aliibeba yeye.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, alirudi akipiga mluzi. Alikuwa amepeleka makochi kwa mteja. Alipokiona kiti miguu juu, mluzi ulikatika, na akaketi sakafuni pale pale alipokuwa, bila hata kuangalia kama kuna pini.

"Kasino?" aliuliza mkewe.

Alitikisa kichwa kukubali.

"Zote?"

"Nilitaka kuzizalisha kidogo tu, mama watoto. Tupate na za mashine mpya. Nilikuwa napata, wallahi nilikuwa napata. Halafu..."

"Sijakuuliza habari za kupata. Nakuuliza uliingiaje. Wewe si umefungiwa?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake, na alistahili kuliuliza. Mwaka uliopita, fundi alipopoteza fedha za vitambaa vya wateja, mkewe alimshika mkono mchana kweupe mpaka kasino, wakaingia wote wawili. Meneja aliwapokea vizuri, akamsifu mama kwa ujasiri. Alimpiga fundi picha, akaahidi kwamba picha ile itakaa kwa walinzi wa milango yote, na kwamba mtu huyu hata aje na malaika hataingia. Mama Cherehani alitoka pale akijiona amemtibu mumewe. Tangu siku hiyo hakuwahi kumpekua mfuko wala kumnusa shati.

"Waliniacha tu," fundi alisema, akiangalia viatu vyake.

"Walikuacha tu? Na picha?"

"Labda waliisahau."

Simu ya fundi iliita juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kioo kiliandika Mteja wa Makochi. Fundi alinyanyuka haraka mno kwa mtu aliyefiwa na akiba yake, lakini mkewe alikuwa karibu zaidi. Alipokea, akaweka sauti ya nje.

"Baba yangu!" Ilikuwa sauti ya binti, tamu, yenye kicheko ndani yake. "Mbona umetutupa? Tangu ile siku hujaja hata kutusalimia. Leo wageni wetu wa heshima wanakula bure, na tumekuwekea kitu kidogo cha kuanzia, hutoi hata senti yako. Nikutumie gari?"

"Mimi ni mke wake," alisema Mama Cherehani.

Kicheko cha binti kilikatika.

"Samahani, mama. Nimekosea namba."

"Umekosea namba na ukamwita baba yako?"

Simu ilikatwa. Fundi alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mkewe alimtazama na kugundua kitu kilichomuuma kuliko kile kiti: kwamba kwa muda wote huu, wakati yeye akiamini mlango umefungwa, upande wa pili kulikuwa na watu waliolipwa mshahara ili uwe wazi.

*

Katika ukoo wao jambo likiwa zito halikwenda bila kaka mkubwa wa Mama Cherehani. Kaka huyu alikuwa dalali wa vyumba na viwanja, mtu wa maneno mengi na shati lililopigwa pasi, na watoto wa Mama Cherehani walimpenda mjomba wao kwa sababu hakuja mikono mitupu. Alifika mchana huo huo. Alimkaripia shemeji yake kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, akamwita hana haya, hana kichwa, hana hata huruma kwa mashine ya mke wake. Fundi hakuinua uso. Mara moja tu alimtupia shemeji jicho, jicho la ajabu, kisha akaliteremsha.

"Basi twende," alisema Mama Cherehani.

"Wapi?"

"Kasino. Waliniahidi hataingia, akaingia. Wanirudishie."

Dalali alicheka, akaona dada yake hacheki, akaacha.

"Mdogo wangu, kaa chini kwanza. Kasino ni duka kama maduka mengine. Muuza sukari hashitakiwi kwa sababu umeugua kisukari."

"Muuza sukari hakupigii simu kukuuliza mbona hujaja kulamba. Na ukimwambia nina kisukari, usiniuzie, hakutumii gari."

"Wale wana mawakili."

"Na mimi nina kaka," alisema Mama Cherehani. "Maneno yote hayo unayowamwagia wanunuzi wa viwanja, leo yamwage huko kwa ajili yangu."

Dalali alijikuna shingo. Alisema ana mteja saa hizi, kisha akasema gari lake halina mafuta, kisha akasema labda kesho. Dada yake alikuwa ameshajifunga mtandio. Kukataa kabisa kungezua maswali, na dalali aliyajua maswali yanavyokwenda yakishaanza. Wakatoka, fundi akiachwa nyumbani awaangalie watoto.

*

Mchana kasino haikuwa na watu wengi. Mlangoni mlinzi alimkagua Mama Cherehani mkoba mpaka chini, akaushika ule mkasi wake mdogo wa uzi na kumwuliza huu ni wa nini. Kwa dalali aliinua mkono tu.

"Karibu, mzee. Umepotea!"

"Ananifananisha na mtu," dalali alimnong'oneza dada yake.

Waliambiwa wangoje ukumbini. Mama Cherehani aliketi kwenye kiti cha mbele ya mashine, kwa kuwa hapakuwa na viti vya namna nyingine. Kilikuwa kiti laini, kinachokushika mgongo, kisichokuhimiza kuinuka. Alipitisha kidole chini ya ukingo wake na kukutana na fundo lililofichwa ndani. Viti vyote vile vilikuwa kazi yao. Ilikuwa tenda kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Mumewe alipima na kugonga misumari, yeye akashona, wakasherehekea. Malipo yalitolewa kwa awamu kwenye dirisha lililo mwisho wa ukumbi, na kila awamu ilimtaka fundi apite katikati ya mashine na fedha mfukoni. Ndivyo alivyoanza. Mama Cherehani alisimama, akangoja kwa miguu.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. Aliwaingiza ofisini, akaagiza maji, akamkumbuka mama kwa jina la karakana yake, akasema pole kabla hajaelezwa lolote.

"Pole yako nimeipokea," alisema Mama Cherehani. "Sasa nataka fedha zetu."

"Mama, naomba tuelewane taratibu. Sisi ni biashara halali, tunalipa kodi. Mtu mzima anaingia kwa miguu yake, anacheza kwa mkono wake. Akishinda, hatumwendei nyumbani kumwambia aturudishie. Sasa akishindwa iweje turudishe sisi?"

"Kama ungekuwa hujawahi kuniona, ningesema sawa. Mume wangu ni mjinga, ningekwenda kupambana naye nyumbani. Lakini mimi nilikuja hapa. Nilikwambia mtu huyu ni mgonjwa wa hili jambo. Ulimpiga picha. Ulisema hata aje na malaika."

"Nakumbuka vizuri."

"Basi uliniambia uongo."

"Hapana, mama," alisema meneja kwa upole uleule. "Alikuja peke yake mara nyingi tu, tukamrudisha. Waulize walinzi. Utaratibu wetu ni kwamba mtu aliyefungiwa hafunguliwi mpaka ndugu wa karibu aje naye, athibitishe kwamba ametulia, ana akili zake. Ndugu alipokuja tukamfungulia."

"Ndugu gani? Mimi sikuja."

Meneja alimtazama dalali, tena kwa heshima, kama mtu anayempisha mwenzake aseme.

"Si mzee hapa? Au huyu siye kaka yako?"

Dalali alikuwa akisoma cheti cha leseni ukutani. Alikisoma kwa makini kama mtu ambaye angekuja kuulizwa.

"Kaka," alisema Mama Cherehani.

"Alikuja kunililia," dalali alisema, bado anaangalia ukuta. "Mume wako. Alinipigia magoti. Akasema anadhalilishwa mlangoni mbele za watu, na kwamba anataka tu kuingia kama mwanamume, sio lazima acheze. Mimi ningefanya nini? Ni shemeji yangu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ndiyo maana ya kufungiwa!"

Meneja aliinua mkono kuwatuliza. Na pengine alidhani anamsaidia dalali, au alikuwa amezoea mno kulisema jambo lile hata asione ubaya wake, kwani aliongeza:

"Na sisi kwa upande wetu huwa tunatoa asante kidogo kwa anayeturudishia mgeni. Mzee alipewa yake. Hatukumdhulumu mtu."

Mama Cherehani aliyasikia maneno hayo yakiingia moja moja. Aligeuka, akamkabili kaka yake mzimamzima.

"Walikupa kiasi gani?"

"Hela ya nauli tu."

"Kaka. Nimekuuliza."

Hapo dalali alikasirika, kama wanavyokasirika watu waliokosa pa kukimbilia. "Mtoto wako alipolazwa, nani alilipa kitanda? Ulidhani zile hela zilitoka wapi? Mwaka mzima sijauza kiwanja hata kimoja! Hukuniuliza. Ulizipokea, ukaniombea dua."

Na kweli alimwombea. Alimwombea kwa machozi, akatembea nyumba kwa nyumba akiwasimulia majirani kwamba mwenye kaka kama wake, watoto wake hawawezi kuwa yatima. Sasa alikumbuka kila nyumba, na akatamani kuzirudia zote akachukue maneno yake.

Alikunywa maji ya meneja, akajichukia kwa kuyanywa.

"Kwa hiyo mlimnunua kaka yangu," alimwambia meneja.

"Hatukumnunua, mama. Ni promosheni. Iko kwa wateja wote."

"Mtu amewaambia anaumwa. Mkamtafutia ndugu wa kusema amepona, mkamlipa huyo ndugu. Kisha mkamtafutia binti wa kumwita baba. Hivi kweli mnataka kuniambia aliingia hapa kwa miguu yake?"

Meneja hakuwa mtu mbaya wa kuonekana kwa macho. Alikuwa na mama yake mahali, na kazi yake hii ndiyo iliyomlisha. Lakini alipofungua mdomo aliongea kama meneja.

"Sheria haitatubana. Hata hivyo kampuni ina utu. Naweza kukuombea robo ya alichopoteza. Leo hii nikipiga simu, Ijumaa mnachukua."

"Robo?" Dalali alizinduka. Alivuta kiti mbele, uhai ukamrudia usoni. "Robo ni matusi, bwana mdogo. Huyu mama akienda redioni na habari ya picha na binti wa simu, wageni wangapi mtawapoteza? Tuongee kiutu uzima. Fanya theluthi mbili."

"Theluthi moja, mzee."

"Nusu, na tunaondoka bila kelele."

Walishuka na kupanda kama wanaouziana banda la kuku, na Mama Cherehani alimwangalia kaka yake akifanya kwa ustadi kazi aliyomwomba. Ikawa nusu, na nusu ndiyo aliyoisema Nesi.

"Ila kuna jambo dogo," alisema meneja. Alitoa simu yake, akaiegemeza kwenye bilauri. "Tunaomba maneno machache mbele ya kamera, kwa kumbukumbu zetu. Mfano kama huyu."

Kwenye kioo cha simu alitokea mwanamke aliyevaa gauni la kwendea harusini, ameketi katika kiti kile kile alichokalia Mama Cherehani. Alikuwa mke wa fundi bomba, aliyekaa mtaa wa nyuma. Zamani walikuwa wakisukana nywele. Kisha, bila ugomvi wowote, yule mwanamke alianza kuvuka barabara kila alipomwona, na Mama Cherehani alishindwa kujua amemkosea nini. Sasa alimsikia akisema kwamba mume wake alicheza kwa hiari yake, kwamba kasino iliwatendea haki, na kwamba kosa ni la familia. Aliyasema huku macho yake yakihama kwenda kwa mtu aliyekuwa pembeni ya kamera.

"Unamwonyesha nani hii?" aliuliza Mama Cherehani.

"Wenye malalamiko kama yako tu," alisema meneja. "Inawasaidia kuelewa kwamba hawako peke yao."

*

Jioni ile waliongea jikoni, watoto wakiwa sebuleni na masomo yao. Fundi alikuwa ameosha vyombo vyote, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na sasa alifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ni kaka?"

"Ulikuwa umebakiza ndugu mmoja wa kumwamini," alisema fundi. "Sikutaka nikunyang'anye na huyo."

"Hebu usinifanye mtoto. Ulimficha kwa sababu ungehitaji kumtumia tena."

Fundi alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Sitasema yale maneno," alisema mkewe. "Nitakwenda redioni. Nitakwenda hata mahakamani. Wewe una kosa lako, tena kubwa, na mimi nitakudai mpaka siku wanatuzika. Mkono ulikuwa wako. Lakini mlango waliufungua wao, kwa makusudi, na wakijua. Kwa nini niseme hawana kosa?"

"Ukienda mahakamani, shahidi wao wa kwanza ni kaka yako. Atasimama aseme alithibitisha nimepona. Atafanya nini? Akisema vingine atajifunga mwenyewe. Na wakili wetu tutamlipa nini, sponji?"

Lilikuwa neno la kuchekesha, na wakati mwingine wangelicheka mpaka machozi.

"Ijumaa Nesi anauza," fundi aliendelea kwa sauti ya chini. "Akiuza, mashine yako unaiweka wapi? Humu jikoni? Na makochi ya watu niyapeleke kando ya barabara, mvua iyanyeshee? Wateja wote watakwenda. Mke wangu, nakuomba. Ni maneno tu. Mtu anasema maneno, anatoka nje, anayatema."

"Yule mke wa fundi bomba hajayatema mpaka leo."

"Wana nyumba lakini. Hawakufukuzwa."

"Na mume wake?"

Fundi alianza tena kufuta meza, na hilo lilikuwa jibu tosha. Ni wazi walikuwa wakionana huko huko kasino.

Mama Cherehani alikwenda kulala na watoto. Alikuwa amejipigia mahesabu ya kila namna, na kila namna ilimrudisha kwenye mlango wa karakana, kwa muuza vipuri aliyeshika taslimu. Kumlaani meneja hakungemlipa Nesi, wala kumlaani kaka yake. Aliona jinsi walivyomzunguka pande zote, kila mmoja kwa sababu yake nzuri, na akaona kwamba katika wote aliyekuwa hajauza kitu bado ni yeye peke yake. Zamu yake ilikuwa imefika.

*

Ijumaa alivaa gauni la kawaida la kazini, lenye nyuzi begani. Hakutaka kupendeza mbele ya kamera ile. Fundi alichomekea shati. Dalali hakuja, alituma ujumbe kwamba ana mteja, na kwamba wakumbuke tu kuhesabu kabla ya kutoka.

Mlinzi alimwachia fundi apite, kisha akamkagua mkewe mkoba.

Fedha zilikuwa mezani tayari, ndani ya mfuko wa karatasi, meneja akiwa ameuweka upande wake. Aliegemeza simu kwenye bilauri, akamwomba mama asogee kidogo kushoto apate mwanga, akamwomba fundi akae karibu na mkewe, ipendeze. Kisha akaashiria kwa kidole.

"Mimi ni mke wa fundi makochi," alisema Mama Cherehani. "Mume wangu alicheza hapa kwa hiari yake. Kasino ilitutendea haki." Alimeza mate. "Kosa ni la mume wangu."

Meneja aligusa simu, akatabasamu.

"Vizuri sana, mama. Ni pale mwisho tu. Tunaomba iwe kosa la familia."

"Familia haikucheza."

"Ninakuelewa. Lakini kampuni inapenda isikike hivyo. Wewe ndiye uliyekuja kutulalamikia, unaona? Ukisema ni la mume wako, kesho utasema yeye hakuwa na akili timamu, sisi tulijua. Ikiwa ni la familia, jambo linakwisha."

"Mimi nilikuja hapa kumfungia. Watoto wangu hawajui hata mlango wa hapa. Kosa la familia ni lipi?"

Meneja aliuweka mkono wake juu ya mfuko wa karatasi, si kwa ubaya, ni kama mtu anayepumzisha mkono.

Mama Cherehani alimgeukia mumewe. Hakuwa amepanga kumgeukia. Alichotaka kilikuwa kidogo: aseme hapana, bwana, hili ni langu, liandikeni kwangu, mke wangu mwacheni. Kama angelisema, hata kwa sauti ya chini, hata kwa kigugumizi, angemsamehe kiti, angemsamehe na kaka. Alimtazama kwa muda mrefu kumpa nafasi.

Fundi alikuwa anautazama mfuko.

"Sema tu, mama watoto," alisema. "Tumalize, Nesi anasubiri."

Meneja aligusa simu tena, akaashiria. Mama Cherehani aliinua uso, akaitazama kamera moja kwa moja, kwa sababu alijua upande wa pili kuna mwanamke mwingine ambaye siku moja ataonyeshwa, na akayarudia maneno yote tangu mwanzo mpaka alipofika pale mwisho.

"Kosa ni la familia," alisema, na hakuna aliyemwambia arudie.